Kigingi kwenye mpira wa hita

Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Nilikuwa Makwasinyi kwa majuma mawili, chini ya mlima Kasigau, na kompyuta ilikaa begini karibu muda wote kwa sababu mjomba wangu alikuwa amefunguliwa injini ya gari.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, injini ya 5A. Kwa wasioijua Makwasinyi: ni mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka mlima, pamoja na Rukanga, Jora, Kiteghe na Bungule. Ili uikute barabara kuu ya Nairobi na Mombasa lazima utoke hadi Maungu kwa barabara ya vumbi, kupitia ranchi ambazo ndovu huzitumia kuvuka kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mama akishikwa na uchungu usiku, dirisha linalogongwa ni la mjomba. Mwezi uliotangulia gari lilichemka katikati ya ranchi hizo saa nane ya usiku, mama mjamzito akiwa kiti cha nyuma. Walikaa ndani kimya, taa zimezimwa, mpaka lori likapita likawachukua. Mtoto alizaliwa salama Voi. Gaskiti ya hedi haikupona.

Nilipofika, hedi ilikuwa imeshasawazishwa na kurudishwa na gaskiti mpya. Fundi wa kijijini, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, alikuwa anarudisha mipira ya maji. Akanionyesha kitu mkononi.

“Kaka, hiki tukirudishe?”

Kilikuwa kigingi cha mti, kimeviringishwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundi mwingine, zamani, alikuwa ameondoa mipira ya hita na kuziba matundu yote mawili: lile la nyuma ya hedi maji ya moto yanapotokea, na lile la bomba la chuma linaloyarudisha kwenye pampu. Tundu moja alilitia boliti, la pili kigingi. Thamostati nayo aliitupa. Sababu? Kapeti ya miguuni kwa abiria ilikuwa inalowa, akasema hita imetoboka, na hata hivyo nani anahitaji hita Kasigau?

Swali zuri, lakini jibu lipo. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Injini ikianza kupanda joto, ukiifungua hadi mwisho na kuwasha feni yake unaitoa sehemu ya joto hilo nje ya injini. Utatoka jasho, ila huenda ukafika. Tena mfuniko mzima wa rejeta huyaweka maji kwenye shinikizo, ndiyo maana hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu na 120. Kigingi cha mti hakiwezi kuzuia shinikizo hilo. Kilivuja tone kwa tone, maji yakaisha polepole, na mjomba akawa anaongeza bila kujua yanakoenda.

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu: kipande cha msimbo kinaleta shida, mtu anakifunga, ujumbe wa kosa unatoweka, kazi imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote nilitaka kuiona hiyo hitilafu ya kwanza kwa macho.

Tulijaza hita maji kupitia vibomba vyake viwili vinavyotokeza upande wa injini, tukaziba kimoja, tukasukuma hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli kwenye kingine. Tukasubiri. Hakuna tone. Hita nzima kabisa!

Basi maji ya kapeti yalitoka wapi? Nikamuuliza mjomba kama yalikuwa na rangi, au kama kioo kilikuwa kinashika ukungu wa mafuta. “Hapana, mwanangu, maji tu, kama ya mfereji. Na yalikuwa yanakuja tukifunga madirisha kwa sababu ya vumbi.” Yaani wakiwasha kiyoyozi. Kiyoyozi hutoa maji kutoka hewani, na maji hayo hutokea chini ya gari kwa mpira mwembamba. Fundi akaingiza waya humo. Likatoka bonge la udongo mkavu: nyumba ya nyigu.

Mjomba alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa na maajabu. Ncha ya bomba la kurudisha ilikuwa imeliwa na kutu. Jirani alileta kiungo cha PVC kilichobaki kwenye mabomba ya maji ya mlimani. Tulimshukuru tukakiweka kando, maana PVC hulegea kwenye joto la injini. Tulipata bomba jingine la chuma kwa wauza vipuri Voi, na pete mpya ya mpira pale linapoingia kwenye pampu. Ncha zilipigwa msasa, mpira ukasukumwa hadi uvuke ule uvimbe wa mwisho wa bomba, klipu ikakazwa nyuma ya uvimbe. Ukiikaza juu ya uvimbe, mpira utateleza siku moja.

Kisha kutoa hewa, hatua ambayo wengi huiruka. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, weka hita kwenye moto kabisa, washa, ongeza maji mpaka mapovu yaishe. Shika mipira miwili ya hita. Yote ikipata moto, maji yanazunguka. Mmoja ukibaki baridi, kuna hewa au uchafu. Wetu wa pili ulikawia dakika kadhaa, ukapumua, ukapata moto. Na kamwe usiufungue mfuniko huo injini ikiwa moto.

Tulikwenda Maungu na kurudi mchana, jua kali, hita wazi makusudi. Mshale wa joto haukuvuka nusu. Asubuhi yake maji yalikuwa pale pale. Bado thamostati ya nyuzi 82, ambayo nimeshainunua Nairobi na itashuka na treni ya Voi wiki hii.