Nyuzi za Gitaa

Ewe msomaji kijana, sikiliza kosa langu lipate kukufaa. Nilipokuja Isiolo kufundisha, mwalimu wangu wa chuoni alinizawadia gitaa lake la nyuzi za nailoni. Sauti yake ilikuwa ya upole. Mimi nilitaka ivume uwanja mzima. Nikaenda Nanyuki, nikanunua nyuzi sita za chuma, nikazikaza. Siku ya nne nikasikia kishindo: kile kibao kinachoshika nyuzi kimebanduka!

Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 60. Gitaa lile liliundwa kwa nyuzi laini: zamani za utumbo wa kondoo, na tangu miaka ya 1940 za nailoni.

Niliona haya, lakini nikamwandikia mzee nikaungama. Fundi alikigandisha kibao, kovu lingalipo. Sasa hutia za nailoni, uzi mmoja mmoja, nikazikaza polepole, na kila jioni huzifuta vumbi. Nawe, kabla hujanunua uzi, tazama kwanza chombo chako kiliundwa kuhimili nini. Nami hulikumbuka kovu lile darasani, kabla sijamkaza mtoto wa watu.