Pombe ya Wamonaki na Kasiksi ya Jirani Yetu

Wanafunzi wetu wa zamani wakisikia kwamba mwalimu wao, aliyelelewa katika seminari, ana daftari la habari za pombe, bila shaka watacheka. Na wacheke. Daftari hilo tunalo, nalo lina umri wa miaka saba. Ndani yake hatukuandika tumekunywa kiasi gani, bali kila pombe ina rangi gani, harufu yake inakumbusha kitu gani, na ladha yake yakaa ulimini muda gani baada ya kumezwa. Chupa moja hugawanywa kwa watu wanne, nasi hatujapata kufungua ya tatu kwa usiku mmoja. Anayetafuta kulewa hataona faida ya kazi hii, maana ulimi uliolewa haujui tena kupambanua.

Zilizotufundisha kuonja ni pombe za wamonaki Watrapisti wa Ubelgiji. Padri mmoja, rafiki yetu tangu seminari, kila akitoka safari za kule hutuletea chupa tatu au nne, kila moja imevikwa soksi ya sufu isivunjike sandukuni. (Soksi zenyewe huzidai siku ileile.) Watrapisti hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, nayo yataka mmonaki aishi kwa kazi ya mikono yake. Basi wengine hutengeneza jibini, wengine hupika bia. Westmalle walianza kuinywa bia yao mezani mwaka 1836. Wale wa Scourmont, karibu na mji wa Chimay, walianza kupika mwaka 1862. Orval walijenga kiwanda chao mwaka 1931, ili wapate fedha za kuinua tena abasia iliyokuwa magofu.

Hiyo ya Orval ndiyo tunayoipenda kupita zote, nasi tunaomba ruhusa kukaa nayo kidogo. Chupa yake ni nyembamba juu na nene chini. Karatasi yake ina samaki mwenye pete kinywani. Bia nyingi hutiwa maua ya hopsi wakati wa kuchemshwa, nayo ndiyo yanayoleta uchungu. Orval hutiwa hopsi mara ya pili, ikiwa imekwisha poa, kwa ajili ya harufu. Kisha hupewa hamira ya namna ya mwitu, ambayo huendelea kufanya kazi ndani ya chupa kwa miezi mingi. Kwa hiyo chupa changa na chupa ya mwaka mmoja ni kama ndugu wawili wasiofanana. Ile changa inanukia maua na ganda la chungwa, na uchungu wake ni mkali. Ile ya mwaka mmoja ni kavu kabisa, inanukia ngozi na nyasi zilizoanikwa. Mwenzetu wa hesabu aliinusa, akasema inanuka zizi la mbuzi. Hakukosa sana, lakini ni zizi safi, la asubuhi, na sisi tulimaliza fungu lake.

Chimay ya buluu ni kitu kingine. Ni nyeusi yenye wekundu, ina nguvu ya sehemu 9 kwa mia, na harufu yake ni ya zabibu kavu na ganda la mkate. Baada ya vita vya pili vya dunia, Padri Théodore wa Scourmont, akisaidiwa na profesa Jean De Clerck wa Leuven, aliteua hamira njema akaitenga na nyingine. Bia hii ikatoka mwaka 1948, kwa sikukuu ya Noeli. Twaisifu, ila utamu wake watosha kwa bilauri moja. Tripel ya Westmalle, yenye rangi ya dhahabu, ina 9.5 kwa mia na haioneshi. Huyo ni mwizi mpole: mgeni asiyeijua asipewe bila kuambiwa.

Tangu mwaka 1997 abasia hizi zina chama chenye alama yake. Bia inayobeba alama hiyo lazima ipikwe katika eneo la monasteri, wamonaki wenyewe wakiiangalia. Kiwanda kisitangulie maisha ya sala. Na fedha ziwe kwa mahitaji ya nyumba na kwa maskini. Mwaka 2021 wamonaki wa mwisho waliondoka Achel, nayo bia ya Achel ikapoteza alama, ingawa pipa na hamira havikuhama.

Scourmont si mbali nasi kama mtu angedhani. Ndiyo iliyowatuma wamonaki kuanzisha monasteri ya Mokoto, katika Masisi, mwaka 1954, na jamaa hiyo iliishi huko hata vita vya 1996 vilipoifukuza. Tulimweleza hayo jirani yetu, mzee mkanda kasiksi, siku tuliyompelekea bilauri ya Chimay. Aliiinua kwenye mwanga, akatazama mashapo chini.

"Mwalimu, pombe hii haijafa," akasema.

"Kweli, Mzee. Hamira yake imo ndani bado."

"Basi aliyeifanya ni mtu wa subira. Ile ya dukani huchujwa hata ikafa."

Sisi tulikuwa tumesoma kurasa nyingi ili tujue jambo hilo. Yeye alilijua kwa macho. Siku ile tulifungua ukurasa mpya katika daftari, tukaandika juu yake: Kasiksi.

Ndizi zake huzikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa moto kidogo, hata ziive kwa siku tano hivi. Hutolewa, humenywa, hukandwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Nyasi hizo si za kufagia: hushika nyama ya ndizi, na maji matamu, yaani mutobe, hutoka safi. Kisha huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ambao huleta hamira, rangi, na uchungu kidogo. Hopsi zetu ni mtama. Mtumbwi hufunikwa kwa majani, na baada ya siku mbili au tatu pombe iko tayari. Lakini haingoji mtu. Siku chache tena inakuwa siki.

Ya mzee, ikiwa ya siku ya pili, inanukia ndizi mbivu na moshi, mtama unauma kidogo kandokando ya ulimi, na mwisho wake ni kavu kuliko tulivyotazamia. Twaiweka karibu na Orval, wala hatutanii.

Nayo iko hatarini. Mnyauko wa migomba ulionekana kwanza katika Kongo mwaka 2001, huko huko Masisi, ukashuka mpaka kwetu. Majani hunyauka manjano, tunda huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shina likikatwa hutoka usaha. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na visu vyetu huubeba kutoka shamba hadi shamba. Migomba ya pombe, ile jirani zetu wa Uganda waiitayo kayinja, hupigwa kuliko mingine. Mzee alikuwa na mashina zaidi ya mia mbili; sasa amebakiwa na thelathini na moja. Mwaka jana alikanda mara mbili tu. Wanawe wako Goma na Bukavu, hawakujifunza, na nchi nzima haina chama cha kuiwekea kasiksi yake alama.

Ila mjukuu wake, mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, sasa huja Jumamosi. Huvunja ua la chini la kila mkungu kwa fimbo ya panda, bila kisu, na kila panga huchomwa motoni kabla ya kuingia shambani. Mwezi uliopita alishika nyasi kwa mara ya kwanza, babu yake akimrudi kila mara: "Polepole, usizipasue!" Pombe yao ilitoka na povu jingi mno, mtama ulizidi. Tumeiandika hivyo hivyo katika daftari, pamoja na tarehe.