Mweusi wa Cordillera del Cóndor

Leipzig, 4 Mei

Jike mkubwa kati ya wadudu-vijiti wangu amejivua ngozi mara ya mwisho usiku. Asubuhi nimemkuta ameshakauka, weusi wake umekolea kabisa, haung'ai hata chini ya taa: mahameli tupu. Ndani ya weusi huo, macho ya manjano na wekundu kidogo mdomoni. Ana karibu sentimeta 5 na nusu, tumbo limejaa. Madume ni wembamba, na 5 hawafiki.

9 Mei

Nimemgusa mgongoni kwa unyasi. Papo hapo akasimamisha mabawa: vipande viwili vyekundu, vidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Hawezi kuruka nayo. Kazi ya mabawa hayo ni kuonekana tu. Kisha ikaja harufu kali. Tezi zake ziko nyuma ya kichwa, na anachokirusha kikiingia jichoni kinawasha vibaya, ndiyo maana sifungui kizimba bila miwani. Wanakemia waliochunguza majimaji hayo mwaka 2006 walikuta humo kemikali waliyoiita perufasmali, pamoja na glukosi. Sukari ndani ya silaha!

Wadudu-vijiti karibu wote huishi kwa kujificha. Ukimtazama mmoja unaona tawi kavu. Huyu anajitangaza. Mwili mzima ni onyo, na kwangu hilo ndilo linalomfanya awe mzuri kuliko wenzake wote.

17 Mei

Watafiti Conle na Hennemann ndio waliomtangaza kwa sayansi, mwaka 2005: Peruphasma schultei, kwa heshima ya Rainer Schulte aliyemgundua kwenye milima ya Cordillera del Cóndor, kaskazini mwa Peru. Eneo alikojulikana kuishi halikuzidi hekta 5. Chakula chake kule ni majani ya Schinus, jamaa ya mpilipili unaopandwa Nairobi kwa ajili ya kivuli. Hapa anakula majani ya ligusta, kichaka cha ua wa jirani, tena kwa hamu.

Siku hizi wafugaji wa Ulaya wanao wengi. Wingi huo usitulaze usingizi. Moto mmoja, shamba moja jipya, na mlima unabaki bila yeye.

28 Mei

Dume hashuki mgongoni kwa jike. Mayai yameanza kuonekana chini ya kizimba. Nimeyahamishia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo na kuandika tarehe. Mwalimu mmoja wa baiolojia ameniomba watoto watakaoanguliwa. Nitampa, ila kwenye kizimba chake aandike jina la ule mlima kwa herufi kubwa.