Igifu Kirandya

Kwetu Rusizi, mtu anayeumwa chini ya kifua hataji ugonjwa. Husema kwa Kinyarwanda "igifu kirandya", yaani tumbo linanila. Jina la kiungo limekuwa jina la maradhi. Mwenye kiungulia ana igifu, mwenye gesi ana igifu, na mwenye kidonda kinachovuja damu naye ana igifu. Nilipoanza kusoma Kiswahili nilikutana na jina linalosema wazi kilichomo ndani: vidonda vya tumbo. Msamiati huo ulinifaa nyumbani kuliko nilivyotarajia.

Mama yangu huchuuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaovuliwa usiku kwa taa. Alfajiri huwapokea ufukweni, huwabeba kwa beseni kichwani hadi Kamembe, na biashara ikiwa nzuri huvuka mto Rusizi hadi Bukavu. Chakula chake cha kweli ni kimoja, cha jioni. Kwa miaka kadhaa amekuwa na maumivu ya mgongo, na kwa miaka kadhaa amekuwa akinunua vidonge vya kuyatuliza.

Maumivu ya tumbo yalipoanza yalikuwa na ratiba. Yalimwamsha usiku wa manane tumbo likiwa tupu, akila kidogo yanapoa. Majirani wakaleta ushauri, nao mama akaupokea wote. Mmoja alisema atafune kabichi mbichi kila asubuhi. Mwingine alisema anywe maziwa kabla ya kulala. Kisha yakaja makatazo: asile maharage, asile isombe, asile samaki, asiguse pilipili. Mtu akiambiwa haya katika nyumba ya kitajiri huenda atabadilisha sahani. Kwetu, ukiondoa maharage, mboga za majani na sambaza, kinachobaki ni viazi vya kuchemsha na chai. Katika miezi michache nguo zake zilianza kumpwaya, na beseni alilolizoea likawa zito.

Siku moja akaniambia, kwa aibu, kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Hiyo ni dalili ya damu inayovuja juu na kumeng'enywa njiani. Mtu anayeiona, au anayetapika damu, hapaswi kungoja kabichi. Tulikwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, tukapewa rufaa ya hospitali. Kule walimpitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, wakakiona kidonda. Walipima pia bakteria, wakampata.

Muuguzi aliuliza kama anatumia dawa yoyote. Mama akajibu hapana. Nikamgeukia.

"Mama, na vile vidonge vya mgongo?"

"Hivyo ni vya mgongo, mwanangu. Hapa tumeletwa na igifu."

"Unavimeza na nini?"

"Na maji. Nani ana chakula saa kumi na moja alfajiri?"

Katika mazungumzo hayo mafupi ndimo zilimokuwa sababu mbili kuu za vidonda vya tumbo duniani. Ya kwanza ni bakteria aitwaye Helikobakta pilori. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba vidonda huletwa na mawazo, pilipili na asidi nyingi. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipinga wakiwa mjini Perth. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao, na baada ya siku chache akaanza kutapika, tumbo lake likiwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli. Bakteria huyu hujikinga na asidi kwa kutengeneza amonia inayoipoza pale alipo, kisha huudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo.

Sababu ya pili ni dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Dawa hizi huzuia kemikali inayoleta maumivu, lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazousaidia mwili kutengeneza ule ute. Mgongo unapona kwa muda, tumbo linabaki bila ngao. Parasetamoli haina madhara hayo kwa tumbo, ingawa nayo ina kipimo chake.

Je, vyakula vinaponya? Nimelisoma swali hili kwa makini kwa sababu ya mama. Ile kabichi ya jirani ina historia. Mwaka 1949 daktari wa California, Garnett Cheney, aliandika kuhusu wagonjwa 13 waliokunywa maji ya kabichi mbichi kila siku, akasema vidonda vyao vilipona haraka. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na bakteria alikuwa bado hajagunduliwa. Kabichi ni chakula kizuri, haimwondoi Helikobakta. Asali huwazuia bakteria hao katika maabara, lakini tumbo la mtu si chupa ya maabara. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi.

Kinachomwondoa bakteria ni dawa: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14, zimalizwe zote hata maumivu yakitulia siku ya tano. Baadaye mgonjwa hupimwa tena. Chakula kina kazi yake kando ya dawa. Maziwa ya mgando, yale tunayoyaita ikivuguto, huweza kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki. Maharage, isombe na sambaza humrudishia madini ya chuma mtu aliyepoteza damu. Ndizi za kuiva, uji na wali wa Bugarama ni laini kwa mtu anayeumwa. Pilipili haitoboi tumbo, ila ikimchoma mtu aiache. Pombe na sigara ziachwe na kila mwenye kidonda, kwani sigara huchelewesha kupona.

Daktari alimwambia mama ale kila kisichomuumiza, kidogo kidogo, na mapema. Alilolishangilia zaidi ni kurudishiwa maharage. Alimaliza dawa, akapimwa tena, na bakteria hakuonekana. Siku hizi hubeba chupa ya uji ufukweni, na dawa ya mgongo huiuliza kwanza kwa muuguzi. Mgongo bado unamsumbua, kwa maana beseni halijapungua uzito.

Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi ambayo tangu mwaka 2017 imekifanya kuwa lugha rasmi huulizwa mara kwa mara kitatusaidia nini zaidi ya kazi mpakani. Sisemi kwamba Kinyarwanda kina upungufu. Kusema tumbo linakula mtu ni kusema kweli. Nasema kwamba lugha ya pili humpa mtu swali la pili. Mzazi au jirani akikuambia igifu kinamla, usimpe orodha ya makatazo. Muulize maumivu yalianza lini, anameza vidonge gani, choo chake kina rangi gani, na kama amewahi kupimwa. Kisha msindikize kituo cha afya, na umwache aendelee kula.