Kaka Wachache, Dada Wenye Chama Chao

Ndugu zangu wa Diani, Gazi na Msambweni, salaam kutoka Washington. Vyuo vikuu vya huku vina vyama vya wanafunzi vyenye majina ya herufi za Kigiriki, vya kaka mbali na vya dada mbali, na aliyekula kiapo huhesabiwa mwanachama maisha yake yote. Vyama vikubwa vya kaka huwavuta dada kwa sherehe. Vyama vingi vya dada vimekataza pombe katika nyumba zao kwa miaka mingi, basi sherehe huhamia kwa kaka, na mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie na kinywewe nini. Chama kidogo kisicho na nyumba hakiwezi kushindana hapo. Nadai kwamba hakina haja ya kushindana, na kwamba hoja hii inavihusu vikundi vya vijana wa kiume wa Kwale.

Ushahidi uko Chuo Kikuu cha Howard, mjini humuhumu, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi. Mwaka 1914 kilianzishwa hapo chama cha kaka, Phi Beta Sigma, wakati wenzao wa chama kingine cha kaka, Alpha Phi Alpha, walikuwa wametangulia tangu 1906. Mwaka 1920 wanawake watano wakaunda Zeta Phi Beta kwa kuungwa mkono na vijana wa Sigma, na hadi leo katiba za vyama hivyo viwili zinavitambua kuwa ni kaka na dada. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Zeta hakikuwa tawi la wanawake la Sigma. Kina viongozi wake, mfuko wake na kanuni zake. Urafiki umedumu baina ya pande mbili ambazo kila moja ina uwezo wa kukataa.

Kwale haikosi dada wenye chama chao. Akina mama wa Gazi wana njia ya mbao ndani ya mikoko, na wageni hulipa kuipita. Kijijini humo na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ya ukaa tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimeingia katika maji na shule. Halafu kuna mama karanga, wanaosubiri mashua zifike ili wanunue samaki wa kukaanga. Hapo ndipo kikundi cha wavuvi kumi kinapoweza kuanza, maana tayari wanakutana kila siku. Kusi ikivuma bahari huchafuka, samaki huadimika, na mwenye pesa nyingi humaliza pakacha lote. Kikundi kinachokubaliana kuwawekea mama karanga fungu lao msimu huo, kwa bei iliyopatanwa mapema na mwenyekiti wa akina mama hao, kitakuwa kimewapa kitu ambacho karamu haiwezi kuwapa.

Wazee watauliza kuhusu adabu, na wana haki. Lakini arusini na msibani tayari wanaume na wanawake wa pwani hugawana kazi bila kuchanganyika ovyo. Uhusiano ninaousema ni wa kikundi kwa kikundi, unaopitia kwa viongozi, mchana na hadharani. Kijana anayejiunga ili apate namba ya simu ya binti wa watu aambiwe mapema kwamba hapa si mahali pake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwanaume akikaribishwa, hugeuka mwenye mradi. Hofu hii isipuuzwe. Dawa yake ni mipaka inayoandikwa mwanzoni: asitie saini mwanaume yeyote kwenye akaunti ya akina mama, asiketi katika kamati yao, na kila kazi ya pamoja iombwe na wao. Vijana wakitaka kupanda mikoko, siku ichaguliwe na akina mama. Wakiambiwa mwezi huu hawahitajiki, waitikie, warudi baharini, na mama karanga waendelee kupata fungu lao kwa bei ileile.