Safari ya Bujora: Tulikwenda Kutazama Kijiji cha Sanaa

Mtu akiwaambia kwamba karani wa parokia hana safari, msimsadiki. Juzi nilifunga daftari la ubatizo, nikamwachia mwenzangu funguo za ofisi, nikapanda basi la alfajiri kutoka huku kwetu Shinyanga kwenda Mwanza. Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kwa sababu ya ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Parokia yetu ina kiwanja cha ekari 4 nyuma ya kanisa, na halmashauri imekubali pawe kijiji cha sanaa. Wafinyanzi, wachonga ngoma, wasukaji wa vikapu, mhunzi, na vijana wa ngoma na kwaya, wote wafanye kazi zao mahali pamoja. Fundi akaleta ramani: vyumba 12 vya saruji katika mstari mmoja kama bweni, ukumbi wa bati, ukuta pande zote, na miembe 3 ikatwe ili malori yapate njia. Mimi niliisifu sana ramani ile. Nimesoma chuo cha ualimu, na mistari iliyonyooka hunipendeza. Ndipo mama mmoja mfinyanzi akauliza, "Karani, mwanangu, vyungu vyangu nitavianika wapi?" Fundi akajibu kwamba vianikwe chumbani. Wanawake wakacheka, wazee wakakasirika, mkutano ukavunjika. Padre akasema, nendeni watatu mkatazame Bujora, kisha mrudi mseme.

Basi tukaenda: mimi, mama yule, na mzee mmoja mchonga ngoma.

Bujora ni mahali pa vilima na mawe makubwa, karibu na Kisesa, kilometa kama 18 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Ukishuka Kisesa, waweza kupanda kwa miguu. Huko, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alianza kukusanya vyombo, ngoma na habari za Wasukuma, akisaidiwa na wazee wa hapo. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Kanisa ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba za Kisukuma. Jengo la watemi limepewa umbo la kiti cha enzi, na ndani mna viti na ngoma za watemi. Pana pia nyumba za msonge, nyumba ya mganga, na ya mhunzi.

Mama hakujali viti vya enzi. Aliinama akaingia katika nyumba ya msonge, akakaa humo mpaka nikadhani amelala. Nje jua la saa saba lilikuwa kali. Ndani palikuwa na ubaridi. "Humu udongo wangu ungekauka polepole," akasema, "usipasuke. Chini ya bati, chungu hukauka mdomo kabla ya tumbo, kikapasuka." Katika ramani yetu hakuna aliyekuwa amefikiri habari za mdomo na tumbo la chungu.

Mzee naye alikwama uwanjani. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Bujora hufanyika Bulabo, yaani mashindano ya ngoma ya makundi mawili ya Kisukuma, Bagika na Bagalu. Makundi hayachezi kwa zamu. Yanacheza wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni lile linalovuta watu wengi zaidi. Watu huhama huku na huku: akitokea huku mtu na chatu, wote hukimbilia huku. Mzee akapima uwanja kwa hatua, akarudi akicheka. "Karani, ukumbi wako ni wa kundi moja. Hilo jingine likacheze juu ya ukuta? Na mtu anayepita njiani akisikia ngoma, ataingia wapi?" Kisha akauliza shikome iko wapi katika ramani. Shikome, kwa asiyejua, ni moto wa jioni uani, ambapo wazee huzungumza na vijana na kuwafundisha. Nikafungua ramani juu ya jiwe, nikatafuta. Mahali pa shikome palikuwa pa kuegeshea magari.

Lakini si kila jambo la Bujora tuliloliona ni la kuiga. Paa la nyasi lataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, laogopa moto, na halitoi maji safi. Kwa hiyo katika basi tulipatana hivi: karakana ziwe za nyasi, tanuru la vyungu liwe mbali nazo, upande ambao upepo hauleti cheche. Ukumbi ubaki na bati, kwa ajili ya maji. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Ukumbi wa mita 8 kwa 12, ukipata mvua ya milimita 20, hutoa lita 1,920. Hata nyingine zikimwagika, mapipa 8 ya lita 200 hayakosi. Mfinyanzi hawezi kazi bila maji, nasi maji tunayachota mbali.

Habari ya matofali ilitutesa zaidi. Ya kuchoma hula kuni nyingi, na sisi wa Shinyanga tunajua nchi isiyo na miti ilivyo. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 ili kurudisha miti, na uliwarudisha watu kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili nyasi na miti ipate kuota tena. Nyasi za kuezekea tutazitoa huko. Je, tukate miti hiyo hiyo tuchomee matofali ya kijiji cha sanaa? Mzee alisema mti wa ngoma unamngoja mjukuu. Tukachagua matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi.

Tuliporudi, hatukuchora karatasi. Tulimwaga majivu uwanjani, kila mtu akasimama mahali pa kazi yake, tukazungusha mstari. Fundi alinuna asubuhi yote. Mchana alikuwa ameshika ndoo ya majivu yeye mwenyewe. Uwanja na moto vikapata nafasi kwanza, vyumba vikafuata. Mwembe 1 utakatwa, kwa kuwa umeoza shina. Ukuta bado twabishana. Mweka hazina anaogopa wezi, na sisi hatuna jibu ila michongoma. Wala hatujapatana nani atafagia uwanja, maana kila kundi lasema ni wa kundi jingine.

Ninapoandika haya, mama yule amekwisha kuleta madebe 2 ya udongo chini ya mwembe wa katikati, ameufunika kwa magunia mabichi.