Mafinga Niliyoijua Kabla ya Kufika

Mwaka 1986, pale Tanga, ilikuwa vigumu kumpata mtu aliyesoma ambaye hakuwa na kambi yake. Daktari alikuwa na kambi, karani wa benki alikuwa na kambi, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na kambi. Wakikutana msibani au harusini, hata hawajamaliza kujuliana hali, mmoja atamuuliza mwenzake, "Wewe ulipita wapi?" Na jibu halikuwa shule wala chuo. Jibu lilikuwa Ruvu, Oljoro, Mlale, Makutupora. Wakigundua kwamba wamepita kambi moja, hata kama kati yao kuna miaka kumi, sisi wengine tuligeuka wasikilizaji.

Kwa hiyo barua ya wito iliponikuta nyumbani baada ya mtihani wa kidato cha sita, nikaambiwa nimepangiwa Mafinga, sikuwa mtu asiyejua anakokwenda. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilikuwa na jiografia yake, na sisi tulikua tukiisikia. Ruvu, Mkoa wa Pwani, ilikuwa mbu. Makutupora, nje ya Dodoma, ilikuwa vumbi na upepo. Bulombora, kule Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa umbali: ukifika, wakisema, umeshasahau kwenu. Mafinga ilikuwa baridi. Kila aliyesikia jina hilo alinitazama mimi, mtoto wa Ngamiani pale Tanga, niliyezoea kulala na dirisha wazi mwaka mzima, akatikisa kichwa. Bibi yangu aliuliza kama huko nako ni Tanzania.

Kwenda au kutokwenda halikuwa jambo la kujadili. Mwalimu wetu wa historia alishatusimulia jinsi mjadala huo ulivyofungwa. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni vijana walijiunga kwa hiari. Mwaka 1966 serikali ikatoa mpango wa kuwalazimisha wasomi nao waitumikie nchi kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu ya Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu mia nne. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwalimu wetu alilisimulia jambo hili huku akitutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu nani kati yetu atakuja kulalamika. Yeye alipita Makutupora. Hata chaki aliishika kikakamavu.

Kambi yenyewe nilisimuliwa katika sehemu mbili za nyumba yetu, na masimulizi hayo mawili hayakufanana hata kidogo.

Sehemu ya kwanza ilikuwa barazani. Hapo walikaa mjomba wangu, mtu wa bandarini, na kaka yangu, aliyekuwa amerudi kutoka Ruvu. Jioni, baada ya magharibi, kahawa ikipita na kashata, waliiendesha kambi nzima pale mkekani. Kuruta hatembei, walisema. Kuruta anakimbia, tangu langoni hadi siku anayoondoka. Kaka alisimama kuigiza afande anayepokea wageni, akipiga kelele kwa lafudhi ya bara hadi majirani wakachungulia. Mjomba akaeleza kwata ya juani, fatiki ya kufyeka nyasi kwa panga butu, gadi ya usiku ambayo ukisinzia unaamshwa na ndoo ya maji. Wakabishana kuhusu uji wa asubuhi: kaka aliapa kwamba hutiwa dawa ya kuwapoza vijana wasiwaze mapenzi, mjomba akasema ni mafuta ya taa, tena kwenye maharage, si kwenye uji. Kila jioni adhabu ziliongezeka na umbali wa mchakamchaka ulirefuka. Wiki ya kwanza kaka alikimbia kutoka Ruvu hadi Mlandizi. Wiki ya tatu alikuwa anakaribia Kibaha.

Niliogopa kwelikweli. Usiku nilijilaza nikisikia sauti ya yule afande wa kuigizwa.

Sehemu ya pili ilikuwa jikoni. Huko alikuja binti wa shangazi yangu, ambaye alipita Mafinga yenyewe na sasa alifanya kazi ofisini mjini. Dada huyu hakuigiza mtu yeyote. Alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, akaniuliza nimepanga kuchukua nini. Nikamtajia sanduku langu la bati la shule. "Liache," akasema. "Utalikimbiza kichwani. Chukua begi la kitambaa." Akaniuliza nywele zangu nitazifanyaje, kisha, kabla sijajibu, akasema nizinyoe hapahapa nyumbani kwa mtu ninayemjua, kwa sababu kambini zitanyolewa tu, na kunyolewa na mtu anayekuhurumia si sawa na kunyolewa na mtu mwenye haraka. Kufuli nichukue mbili, moja itaibwa. Sabuni, mche mzima, niukate vipande nivifiche mahali mbalimbali. Miaka ile sabuni bado ilikuwa kitu cha kupanga foleni, na mtu angeweza kukuachia fedha yako akachukua sabuni. Mafuta ya nazi yasiwe kwenye chupa ya mdomo mwembamba, kwani Mafinga yataganda na hutayatoa.

Siku moja alikuja na kifurushi akanipa bila kusema kitu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kanga kuukuu, vimekatwa sawasawa, vikapindwa pembeni kwa mkono, pamoja na pini za kutosha. Pamba ya dukani ilikuwa adimu, na mwanamke hawezi kumwambia afande kwamba leo hakimbii. Jioni zote zile za barazani hakuna aliyekuwa amegusa jambo hilo. Wangeligusaje? Hawakulijua. Dada alikuwa amevipinda vitambaa vile kwa uzi imara, mishono mifupi, ya kuhimili kufuliwa kwa maji ya baridi na kuanikwa mahali pasipoonekana. Katika vyote nilivyoambiwa kuhusu Mafinga, hiyo ndiyo iliyokuwa habari kamili kuliko zote.

Mwezi wa sita nilipanda basi. Safari ya Tanga hadi Mafinga ni ya kuubadilisha mwili polepole: mkonge mpaka Segera, joto la Chalinze, wanyama kando ya barabara Mikumi, kisha Kitonga, ambapo basi lilipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea na abiria wote wakanyamaza. Baada ya Iringa nikalivaa sweta langu la kafa Ulaya. Mafinga iko kilomita kama 80 mbele ya Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na tuliposhuka jioni ile niliona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi. Wasichana wa pwani tuliokuwa pamoja tulianza kupuliziana, tukicheka.

Kicheko kilikatizwa langoni. Afande mmoja alitoka akaanza kupiga kelele, na mimi nikashangaa kwa sababu nilikuwa namfahamu. Maneno yalikuwa yaleyale ya mkekani, mpangilio uleule, hata ule mtindo wa kuuliza swali na kukukataza kujibu. Kaka alikuwa amemwiga afande wa Ruvu, lakini inaelekea maafande wote walifundishwa kupokea wageni na mtu mmoja. Wenzangu wawili walilia. Mimi nilikimbia na begi langu la kitambaa kichwani, nikimpita kijana aliyekuwa akipambana na sanduku la bati, na moyoni nilikuwa nasubiri sentensi inayofuata. Ikaja, kama nilivyoitegemea.

Hapo ndipo nilipoijua kazi ya masimulizi ya barazani. Kwa habari hayakufaa sana: uji ulikuwa uji, umbali ulikuwa nusu ya uliosimuliwa, ndoo ya maji sikuiona. Kazi yake ilikuwa kuniogopesha mapema, nikiwa kwetu, nimeshiba, mama yuko chumba cha pili, ili hofu yenyewe iishie huko. Nilipofika langoni nilikuwa nimeshaogopa vya kutosha. Zilizobaki zilikuwa kelele tu.

Kazi ya jikoni nayo ilikuwa nyingine: kuhakikisha kwamba hofu ikishaisha, mtu ana cha kujisitiri. Kufuli ya kwanza iliibwa wiki ileile. Mafuta ya nazi yaliganda yakawa meupe kama samli, na hanga zima, yaani bweni letu lote, lilikuja kuchota kwa kidole kutoka kwenye kopo langu la mdomo mpana, kwa kuwa midomo na visigino vya wasichana wa pwani na wa Dar es Salaam vilianza kupasuka mapema. Vipande vya kanga nilivigawa kwa wenzangu watatu. Mmoja wao, kutoka Bukoba, naye alikuwa amepewa kifurushi kama changu na mama yake mdogo aliyepita Rwamkoma. Tukaelewa kwamba nchi nzima kulikuwa na majiko yaliyofanya kazi hiyo, bila tangazo na bila amri ya mtu yeyote.

Lakini kulikuwa na Mafinga ambayo haikusimuliwa barazani wala jikoni. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mahali pazuri. Asubuhi baada ya mchakamchaka, jua likianza kuchoma ukungu, vilima vya Mufindi vilijitokeza kimoja kimoja, na upande mmoja ulionekana msitu wa misonobari wa Sao Hill ukiwa mweusi, kisha bluu, kisha kijani. Nilikuwa sijawahi kuona miti iliyopandwa kwa mstari hadi macho yakachoka. Hakuna aliyeniambia kwamba viazi vya kuchemsha, ukivila shambani mikono ikiwa na udongo, baada ya asubuhi nzima ya jembe, vina ladha ambayo sijaikuta tena. Wala kwamba kwata, ambayo niliitazamia kama mateso, ina raha yake: siku ile kombania nzima inapogeuka kwa mguu mmoja, ukasikia mlio mmoja badala ya mia, mwili unafurahi hata kama kichwa kinapinga.

Nilipomuuliza dada, baada ya kurudi, kwa nini hakunisimulia haya, alicheka. Alisema angenisimulia ningemwona anadanganya, na pengine ningekwenda nikiyatafuta nisiyaone.

Utaratibu ule wa kupita JKT kwa lazima ulisimamishwa mwaka 1994 kwa uhaba wa fedha, na kwa karibu miaka ishirini wahitimu wa kidato cha sita walikwenda moja kwa moja vyuoni. Swali la "ulipita wapi" likaanza kuwa la wazee. Uliporudishwa mwaka 2013, wabunge vijana nao wakavaa bukta na kuingia kambini, mafunzo yalikuwa yamefupishwa kuwa ya miezi mitatu, na mlolongo wa wasimulizi ulikuwa umekatika: watoto walikwenda kambini kutoka nyumba ambazo dada na kaka zao hawakupita popote.

Juzijuzi mtoto wa mdogo wangu wa kike alipangiwa. Akanisomea tangazo kwenye simu: bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi ndefu nyeusi, nguo za kuzuia baridi kwa wanaokwenda mikoa yenye baridi, nauli. Ni tangazo zuri, lililopangwa, na kila kitu kilichomo ni kweli. Akamaliza, akaniuliza, "Mama mkubwa, kuna kingine?"

Nikamwambia kipo, ila aanze kwa mjomba wake. Kaka sasa ni mstaafu, magoti yanamsumbua, lakini akipewa kahawa na msikilizaji bado anaweza kuinuka kumwigiza yule afande, na nasikia siku hizi alikimbia kutoka Ruvu hadi Chalinze. Nilimwambia binti akae pale jioni nzima, aogope vizuri, asiruke hata kisa kimoja. Kesho yake aje jikoni kwangu na begi lake, likiwa tupu.